Mpaka Rangi na Uaminifu

Katika kazi zote zinazofanywa na mafundi ndani ya nyumba ya mtu, kazi ya kupaka rangi ndiyo inayoonekana zaidi na kujulikana kidogo. Seremala akimaliza mlango, mwenye nyumba huufungua na kuufunga, akajua papo hapo kama umekaa sawa. Mwashi hupimwa kwa timazi. Fundi wa bomba akiondoka, maji husema kweli kabla jua halijachwa. Lakini mpaka rangi huacha nyuma yake uso uliotakata, na siku ya kwanza uso huo ni mmoja kwa fundi mwema na kwa fundi mbaya. Tofauti yao imelala chini ya rangi. Huamka baada ya mvua mbili au tatu, wakati ujira umekwisha kulipwa, na fundi amekwisha kuisahau njia ya nyumba ile.

Kwa sababu hiyo, mtu anayemwajiri mpaka rangi hununua vitu ambavyo aghalabu hataviona: ukuta uliokwanguliwa vizuri kabla ya kufunikwa, ufa ulioshindiliwa mpaka ndani, siku nzima ya kungoja mkono wa kwanza ukauke. Anunuapo kitu asichokiona, kinachomlinda ni mambo mawili, maarifa yake mwenyewe na uaminifu wa mwenziwe. Kiswahili kimelijua jambo hili tangu zamani. Mtu anayelaghaiwa kwa maneno matamu husemwa kuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika msemo huo mna mpakaji, mna mpakwaji, na mna kitu kinachodaiwa kuwa kimepakwa nacho hakikupakwa. Ni vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya kazi mbaya ya rangi.

Mfano wa jambo hili waweza kuonekana katika nyumba moja ya Pangani, mji mkongwe ulio kwenye mlango wa mto wa jina hilo, kusini ya Tanga. Mwenye nyumba ni bibi mmoja aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi mpaka akastaafu. Nyumba ni ya mawe na chokaa, aliyorithi kwa baba yake. Masika ilikuwa inakaribia kwisha, na harusi ya mjukuu wake ilikuwa imewekwa wiki tano mbele. Wageni wangetoka Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Lakini ukuta mmoja wa sebule, ule unaoelekea mtoni, ulikuwa umefanya malengelenge toka chini mpaka kimo cha mtu. Rangi ilijikunja kama magamba ya samaki, na kila asubuhi bibi alifagia unga mweupe ulioanguka sakafuni usiku. Aliamua kutafuta mpaka rangi.

Ili kufahamu ugonjwa wa ukuta ule, ni lazima kwanza kufahamu asili yake. Nyumba za kale za pwani, kama zile za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, zilijengwa kwa matumbawe, na chokaa yake ilitokana na matumbawe hayo hayo. Mawe yalipangwa juu ya tanuu la magogo, yakachomwa. Moto ulipofika kiasi cha nyuzi 900 za sentigredi, jiwe lilitoa hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake. Kilichobaki kilitiwa maji, kikachemka, kikavunjika, kikawa chokaa laini. Chokaa hiyo ilipopakwa ukutani ilianza kuivuta tena hewa ile iliyopotea motoni, ikarudi kuwa jiwe. Hivyo ukuta uliopakwa chokaa ulikuwa umeongezewa ngozi ya mwili wake wenyewe. Ngozi hiyo ina vitundu vidogo mno, na unyevu unaopanda kutoka ardhini au kuingia kwa mvua hutokea humo ukachukuliwa na upepo. Wazee waliopaka chokaa kila mwaka kabla ya sikukuu walitaka nyumba ing'ae, na pamoja na hayo waliufungulia ukuta pumzi zake.

Ukuta wa bibi ulikuwa umezibwa pumzi. Miaka kadhaa nyuma, mumewe alipokuwa hai, fundi mmoja aliitwa kutazama baka la unyevu lililokuwa dogo kama sinia. Alilipiga lipu ya saruji, akapaka juu yake rangi ya mafuta yenye kung'aa, akalipwa fedha zake zote jioni ile. Ukuta ukasifiwa kwa msimu mmoja. Walakini saruji ngumu na rangi ya mafuta haziruhusu unyevu kupita kama chokaa iruhusuvyo. Maji yalibaki ndani, yakayeyusha chumvi iliyomo katika mawe, yakapanda nayo yakitafuta njia. Kila yalipopata nafasi ya kukauka, chumvi iligeuka kuwa chenga, na chenga zikaisukuma rangi kwa nyuma mpaka ikabanduka. Baka la sinia likawa ukuta mzima.

Mafundi watatu waliitwa. Wa kwanza alisimama mlangoni, akatupa macho sebuleni, akataja bei ya nyumba nzima bila ya kuvuka kizingiti. Wa pili aliingia, akaisifu nyumba, akafungua kadi yenye rangi nyingi za kupendeza, akaahidi kuimaliza kazi kwa siku tatu. Bei yake ilikuwa ya chini zaidi. Wa tatu alikuwa kijana, amefuatana na saidia fundi wake. Alisalimu, akaomba ruhusa, na jambo la kwanza alilofanya ni kutoka tena nje, akaizunguka nyumba mpaka nyuma ya ukuta ule. Huko aliona gata la bati lililokatika, na chini yake mchanga uliochimbwa na maji ya paa. Alirudi ndani, akaugonga ukuta kwa konzi za vidole akisikiliza mahali palipolia kama debe tupu. Akakwangua kidogo kwa kisu, akatia unga ule kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Bibi," alisema, "ugonjwa wa ukuta huu ni maji. Rangi haitauponya."

"Basi niupake nini, mwanangu?"

"Kwa sasa usiupake kitu. Tutengeneze gata, tuibandue saruji hii mpaka tuikute chokaa ya zamani, kisha ukuta uachwe upigwe na upepo. Miezi mitatu, minne, pengine na zaidi."

"Na harusi?"

Fundi alinyamaza kidogo. "Harusi itafika kabla ya ukuta kukauka, Bibi. Nikikupakia leo, utang'aa siku ya harusi, na watu watakupongeza. Vuli ikinyesha utanitafuta, nami sitapenda unipate."

Bei yake ilikuwa kubwa kuliko za wenziwe wote wawili, na kazi yake ingechukua miezi badala ya siku. Hapa ndipo penye shida yenyewe, na shida hii haikuanzia Pangani. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya soko la magari yaliyokwisha kutumika. Baadaye, mwaka 2001, alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Muuzaji anajua kama gari lake ni zima au ni bovu, na mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hukubali kulipa bei ya katikati tu, isiyomtosha mwenye gari zima. Mwenye gari zima huondoka sokoni, na mwenye gari bovu hubaki akifurahi. Hivyo kibaya hukifukuza chema, ingawa kila mnunuzi alikuwa akitafuta chema.

Badala ya magari na watiwe wapaka rangi, hoja itasimama vile vile. Fundi anayetumia siku mbili kukwangua, kuosha na kuziba nyufa hawezi kutaja bei sawa na yule anayeanza kupaka asubuhi ile ile. Mwenye nyumba asiyejua kinachofanyika katika siku mbili hizo huona uvivu, au huona wizi. Humchukua wa bei rahisi, na mwaka unaofuata humchukua mwingine wa bei rahisi. Mwisho fundi mwema naye hujifunza kwamba katika mji ule subira hailipwi. Ndipo watu husema mafundi wa siku hizi hawana uaminifu, nao wamesahau kwamba wao wenyewe walikuwa wakiuadhibu uaminifu kila walipochagua.

Wala si haki kudhani kwamba kila fundi anayelipua kazi amefanya hivyo kwa hiari. Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na mpaka rangi katika mji wa Hastings aliyeitwa Robert Noonan. Aliandika riwaya ndefu juu ya maisha ya wapaka rangi wenziwe akitumia jina la Robert Tressell. Alikufa mwaka 1911, na riwaya ikachapishwa mwaka 1914. Ndani yake msomaji huwaona mafundi wanaojua kazi yao wakisukumwa na msimamizi waache kusafisha, waache kuziba matundu, wapunguze mikono ya rangi. Bwana wao amechukua kazi kwa bei ya chini, na faida yake imo katika yale yasiyofanywa. Anayefanya vizuri huonekana mzito, naye ndiye wa kwanza kuachishwa. Kitabu hicho hakimsamehe bwana, lakini kinamfundisha mwenye nyumba pia. Bei inapobanwa mno, kinachokatwa ni kazi isiyoonekana, kwa maana kazi inayoonekana haikatiki.

Watu wa kale walitafuta dawa ya jambo hili katika sheria. Pliny, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, alieleza kwamba sheria za zamani za ujenzi zilimkataza mkandarasi kutumia chokaa iliyolowekwa kwa muda usiofika miaka mitatu, na akasema kuwa kwa sababu hiyo lipu za zama zile hazikuharibiwa na nyufa. Sheria hiyo ilichagua kulinda jambo ambalo mwenye nyumba asingeweza kuliona, kwani chokaa ya miezi mitatu na chokaa ya miaka mitatu ni nyeupe zote mbili. Nyumba nyingi za leo hazina mlinzi wa namna hiyo. Zina maneno ya watu wawili waliosimama mbele ya ukuta.

Bibi aliyafikiri maneno hayo kwa siku tatu. Watoto wake walimpigia simu kutoka Dar es Salaam. Mkubwa wao alisema atatuma fedha za fundi wa pili hata leo, mradi tu wageni wasikute ukuta umechubuka kama mgonjwa wa tetekuwanga. Lilikuwa shauri la upendo, na halikuwa la kudharauliwa. Harusi ni heshima ya mbari nzima, na katika miji ya pwani kuta nyeupe ni sehemu ya makaribisho kama ubani na halua. Bibi mwenyewe aliogopa maneno ya watu. Lakini alikumbuka sifa za msimu mmoja alizopewa marehemu mumewe, na unga aliokuwa akiufagia kila asubuhi tangu wakati ule. Alimwita fundi wa tatu, akamwambia aanze.

Walikubaliana kazi igawanywe. Uso wa nyumba wa mbele na kuta tatu nzima za sebule zipakwe chokaa kabla ya harusi. Ukuta wa mtoni ubanduliwe na kuachwa wazi. Fundi alikataza hata kuuziba kwa turubai la nailoni. Chumba cha uani, ambacho kilijengwa baadaye kwa matofali ya saruji, kilifaa rangi ya maji ya kawaida. Bibi alitaka kujua itahitajika kiasi gani, na hesabu ikafanywa mbele yake.

Chumba kilikuwa na urefu wa mita 4, upana wa mita 3, na kimo cha mita 3. Kuzunguka kuta zote ni mita 14, na mara 3 ni mita za eneo 42. Mlango na madirisha mawili yalitolewa, jumla mita 5, zikabaki 37. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kiasi cha mita 10 za eneo kwa mkono mmoja, ikiwa ukuta ni laini nao haunywi sana. Basi mkono mmoja ulitaka lita 3.7, na mikono miwili lita 7.4. Ukuta wenye kiu huhitaji zaidi. Hesabu hii haina elimu kubwa ndani yake; mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Lakini ina faida mbili. Fundi akitaka lita 20 kwa chumba hicho, mwenye nyumba ana haki ya kuuliza zile nyingine zinakwenda wapi. Na fundi akisema lita 4 zitatosha kwa mikono miwili, mwenye nyumba atambue kwamba kilichobaki kitajazwa kwa maji ya kisima.

Mambo hayo yaliandikwa katika karatasi moja ya daftari la shule: kuta zipi, mikono mingapi, rangi ya namna gani, nani atanunua, nani atasafisha sakafu, na malipo yatatolewaje. Ujira uligawanywa mafungu matatu. La kwanza lilikuwa arubuni ya kuanzia, la pili baada ya kuta za harusi kukamilika, na la tatu baada ya mvua za kwanza za vuli kuujaribu ukuta wa mtoni. Fundi alilikubali fungu la tatu, lakini naye aliweka sharti lake.

"Bibi, mimi nitangoja mvua," alisema. "Ila mvua ikipita nami sina kosa, usiniambie njoo kesho."

Sharti hilo linastahili kutazamwa vizuri, maana katika uhusiano huu anayedanganywa si mwenye nyumba peke yake. Kama rangi huficha kazi isiyofanywa, maneno njoo kesho huficha deni lisilotaka kulipwa. Fundi amekwisha kutoa jasho lake, na hawezi kulibandua ukutani akaondoka nalo. Huja Jumatatu, akaambiwa mwenyewe amesafiri. Huja Ijumaa, akaambiwa mwisho wa mwezi. Nauli ya safari hizo humla ujira kidogo kidogo. Mwenye nyumba wa namna hii hujiona mwerevu, lakini amemfundisha fundi kutaka fedha zote mbele katika nyumba inayofuata, na jirani yake atalipia werevu huo. Bibi aliandika sharti la fundi kwa mkono wake, chini ya yale aliyoyataka yeye.

Kazi ilipoanza, jambo moja lilitokea ambalo lilikuwa zito kuliko ukuta. Madirisha ya nyumba yalikuwa ya mbao, yamepakwa rangi ya mafuta mara nyingi katika miaka mingi, rangi juu ya rangi. Saidia fundi alichukua msasa mkavu akaanza kuyasugua, na vumbi likaruka likatua mkekani, mahali alipokuwa akicheza kitukuu wa bibi wa miaka miwili. Fundi alimzuia kwa sauti kali. Alimwomba bibi amwondoe mtoto, akaukunja mkeka, akaamuru mbao ziloweshwe kabla ya kusuguliwa, na vumbi lifutwe kwa kitambaa cha maji wala lisifagiliwe.

Alikuwa na haki. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, ama ili ziwe nyeupe, ama ili zikauke haraka na kudumu. Mwaka 1904 daktari wa Australia, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto wa Queensland walikuwa wakipata sumu ya risasi kutokana na rangi za nyumba zao wenyewe, hasa za baraza. Mwaka 1921 mataifa yaliyokutana Geneva katika mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa yalipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo. Pamoja na hayo Marekani haikuikataza rangi ya nyumba yenye risasi mpaka mwaka 1978. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na kilichoharibika hakirudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Macho hayawezi kutambua kama rangi kuukuu ina risasi au haina. Kwa hiyo mtu mwenye busara huichukulia kuwa inayo, akalowesha, akafuta, akawaweka watoto mbali.

Fundi naye ana mwili. Mwaka 1989 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya mpaka rangi katika kundi la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu, kwa ajili ya mavumbi na mivuke ambayo watu wa kazi hiyo huivuta kwa miaka mingi. Mwenye nyumba hukaa na harufu ya rangi siku mbili, akalalamika. Fundi hukaa nayo maisha yake yote. Basi kumfungulia madirisha, kutomhimiza apake usiku katika chumba kilichofungwa, na kukubali bei inayomwezesha kununua kifuniko cha pua ni sehemu ya ujira wake, ingawa hazikuandikwa katika karatasi ya bibi. Bibi alizitimiza bila ya kuandikiwa.

Harusi ilifanyika. Uso wa nyumba uling'aa kwa chokaa mpya, na kuta tatu za sebule zilikuwa nyeupe kama maziwa. Ukuta wa nne ulikuwa mawe matupu na mabaka ya chokaa ya zamani. Wageni waliutazama. Mmoja, ambaye hakuwa na nia mbaya, aliuliza kama fedha zilikwisha katikati ya kazi, na wanawake wengine wakatazama vikombe vyao vya kahawa. Bibi alijibu kwamba ukuta unakaushwa, akaita halua iletwe. Usiku ule alipolala peke yake alisikia uchungu. Aibu ya kweli na aibu ya bure zina maumivu sawa, na mtu hupaswa kungoja ili azitenganishe.

Upepo wa kusi ulivuma ukutani miezi yote ya kipupwe. Chumvi ilitoka, fundi akaipangusa kwa brashi kavu. Ikatoka tena kidogo, akaipangusa tena. Kabla ya vuli aliulowesha ukuta, akaupaka chokaa nyepesi kama maji ya mchele, mkono mmoja kwa siku, mikono mitano. Kila jioni ukuta ulionekana kama haukupakwa kitu, na kila asubuhi ulikuwa umekuwa mweupe zaidi. Ndivyo ilivyo chokaa: huonyesha uzuri wake inapokauka, na haimsifu fundi mbele ya macho yake.

Mvua za vuli zilinyesha. Karibu na sakafu lilitokea baka dogo la chumvi, upana wa kiganja, ambalo fundi alikuwa amelitabiri. Alilipangusa, akaongeza mkono mmoja mahali pale, na hakudai senti. Sehemu nyingine yote ilibaki nzima. Bibi alimpa fungu la tatu siku ile ile, juu ya meza, mbele ya saidia fundi wake, ili kijana yule naye aone jinsi kazi inavyofungwa. Nyumba mbili za mtaa ule zilikuja kumwulizia fundi, na mwenye moja kati ya hizo alikuwa yule mgeni aliyeuliza juu ya fedha.

Haifai kulichukua jambo hili kama hadithi ya fundi mwema aliyeshinda. Fundi wa pili, yule wa siku tatu, hakukosa kazi mwaka ule. Pengine alipata zaidi. Lililobadilika katika nyumba ile ni kwamba mtu mmoja aliuliza juu ya yale yaliyo chini ya rangi, akamlipa aliyemwambia kweli isiyopendeza, na akastahimili kuonekana pungufu kwa miezi mitano. Mambo hayo matatu humgharimu mwenye nyumba. Asiyeweza kuyalipa hana budi kuridhika na uso uliotakata siku ya kwanza.

Wasomi huzoea kuuzungumza uaminifu kama sifa ya moyo, ambayo mtu huwa nayo au hana. Kazi ya mpaka rangi yaonyesha kwamba uaminifu pia hupangwa kati ya watu wawili, kama hesabu ya lita na mikono. Hukaguliwa kabla, huandikwa, hugawanywa mafungu, na hulipwa kwa wakati wake. Mahali usipolipwa hupungua, hata kwa watu waliozaliwa nao. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba mafundi waaminifu wamekwisha na ajiulize mara ya mwisho alimlipa nani zaidi: yule aliyemwambia angoje, au yule aliyemwahidi siku tatu.